Geti Lililosogea

Mdogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wifi yangu na wale watundu wenu. Natumaini kifua cha mdogo kimepoa. Mimi nipo, ingawa huo uzima wangu nitaueleza mbele kidogo. Najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza kwa utani, ningecheka, tukaagana kabla sijasema nililotaka.

Kazini bado tunahangaika na kamusi. Mhariri wetu, mzee asiyecheka hata akitekenywa, alinipa neno "ghaibu". Asili yake haikunisumbua: limetoka Kiarabu, na ni hali ya kutokuwepo mbele ya macho, kutoonekana. Lakini tunasema pia mtu amesoma kitu kwa ghaibu, yaani kichwani, bila kutazama popote. Mhariri akataka nimweleze maana hizo zilikutana wapi, tena nimpe na sentensi ya mfano. Nilikaa na swali hilo nikawa namkumbuka marehemu Mama tu, wala sikujua kwa nini.

Siku zilezile vumbi likaniingia jicho la kulia. Nikalifumba, nikaangalia karatasi kwa la kushoto. Nusu ya ukurasa haikuwepo. Si kwamba niliona giza, haikuwepo tu. Daktari alisema ni presha ya macho. Haiumi, inakula pembeni taratibu. Kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kuokolewa kwa dawa ya matone. Akaniuliza nani katika familia alipoteza macho, maana ugonjwa huu hurithiwa. Nikamjibu upesi kwamba hakuna.

Nilipofika nyumbani nikajipikia chai, na nilipokuwa naimimina ndipo nikaelewa. Unakumbuka Mama alivyokuwa akimimina chai kidole kikiwa ndani ya kikombe, tukimcheka kwamba anaionja kwa kucha? Barua zake zote tulimsomea sisi, eti tujifunze kusoma. Alijua nani kati yetu kanuna kwa jinsi sahani ilivyolia ikiwekwa mezani. Na ile siku uliyochapwa kwa kuhamisha kigoda, Mama akakikwaa akaanguka. Mpaka leo unasema Mama alipenda viti kuliko watoto. Mdogo wangu, Mama alikuwa haoni. Nyumba nzima aliijua kwa ghaibu, na hakutaka tujue.

Sasa naogopa, na si kwa ajili yangu peke yangu. Juzi juzi uliniambia geti la bohari "limekusogelea" likavunja kioo cha pembeni cha lori, tukacheka wote. Nilipokuomba uwe mwangalifu ulinijibu, "Dada, njia hii naijua kwa ghaibu." Maneno hayo yameninyima usingizi. Ndivyo alivyoishi Mama, lakini yeye alizungukwa na viti. Wewe njiani kwako kuna watu wanaovuka.

Nakuomba kabla hujapanda tena hilo lori ukapime macho. Usingoje maumivu, hayaji. Tajiri wako akikasirika, mwambie dada yako amerukwa na akili. Wakikuta macho yako mazima, nicheke mpaka uchoke, nitafurahi. Watoto nao wapimwe.

Mhariri nilimjibu, kwa kadiri ninavyodhani, kwamba kisichokuwepo mbele ya macho hubaki kichwani, na hapo ndipo maana hizo mbili zinapokutana. Mfano niliomwandikia ni huu: "Mama alitujua sote kwa ghaibu." Alisema sentensi ni fupi na inafaa, akaipitisha.

Nisalimie wifi, na umsomee barua hii yote bila kuruka mahali, maana wewe nakujua. Ukishapima njoo unitembelee, ila uje kama abiria. Daktari ana matumaini, nami natia matone yangu bila kukosa. Hata hivyo nataka ukae karibu na dirisha, nikutazame taratibu, nikuhifadhi.

Ni mimi,
Dada yako