Mchezaji wa Mzee Ray Amehamishwa

Buffalo, Jumapili jioni

Mama yangu mpenzi,

Goti lako limepoa? Kaka aliniambia unatembea tena mpaka kanisani, nikamshukuru Mungu. Sisi huku wazima, ila moyo wangu hautulii.

Mzee Ray, yule ninayemhudumia hapa East Side, nilimkuta Jumanne hajagusa kahawa. Timu anayoipenda, ya ule mpira wa Wamarekani wa kushika kwa mikono, imemtoa mchezaji wake bora, kijana wa kukimbia mbele na kudaka mpira, ikampeleka timu nyingine. Badala yake imepewa nafasi za kuchagua vijana wapya kutoka vyuoni, na mshahara mkubwa wa kijana, ambao hawaulipi tena, umewaachia uwezo wa kulipa wengine.

"Walimuuliza?" nikasema.

"Hawaulizi. Alipigiwa simu, akafunga mizigo."

Bon, mama, sikiliza. Asubuhi ileile baba watoto alikuwa amenipigia kutoka Louisville: nyumba imepatikana Jeffersontown, pembeni ya mji huo, karibu na kiwanda anachofanyia kazi, nihamie na watoto kabla ya theluji. Na yeye hakuuliza. Nikamwambia mzee palepale, sahani mkononi.

Alizima televisheni. "Na mimi nitapewa nini badala yako?"

Nilicheka, kisha nikaenda kufua mashuka yaliyokuwa safi.

Jumamosi tulikutana na baba watoto Columbus, katikati ya njia, kwa dada yake anayekaa Whitehall. Nikamwambia, "Kutoka Uvira mpaka kambini, kutoka kambini mpaka huku, kila mara kuna mtu ameniamulia. Safari hii ungeniuliza."

Hapohapo, mbele ya dada yake, akaniuliza kama nitakubali kuhama. Nilijibu nitakuja, ila kwanza apatikane mtu wa kumwachia mzee, nimfundishe mwenyewe.

Amepatikana usiku uleule kwa simu, mama mmoja Mrundi tunayesali naye, mpole. Leo nimemwonyesha dawa na namna ya kumwinua mzee kitandani. Mzee alikuwa ameapa hatamtazama tena yule kijana, lakini mchana akaniomba nimtafutie mechi ya timu yake mpya. Kijana alipodaka mpira, amevaa rangi za wageni, mzee akasogeza kiti chake cha magurudumu karibu na televisheni.

"Afadhali wanajua kumrushia," akasema.

Nilitazama nimesimama, koti nimeshavaa, na sikuondoka mpaka mechi ilipokwisha.

Msalimie mama mdogo, kitenge chake ninakivaa kanisani. Kaka na mkewe nawakumbatia, na shangazi asiache kutuombea safari.

Ni mimi binti yako,
Furaha