Miaka Minne Niliyomwongezea Prodige

Umbilo Road, ghorofa ya pili,
Durban.
Tarehe 11 Mei 1998

Mpendwa dada yangu mkubwa, Yaya Élisabeth,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kusini. Habari za Kigoma? Mgongo wako unaendeleaje, na shemeji Léonard bado anagombana na redio wakati wa habari? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimenenepa kidogo, maana kazi ya kulinda magari ni kusimama, na kusimama hakujawahi kumkondesha mtu.

Jana kanisani walibatiza watoto, mmoja akamkojolea padri. Nilicheka peke yangu mpaka watu wakageuka. Sikuwa Durban tena, Yaya. Nilikuwa Uvira, Krismasi ya 1982, wewe umempakata Prodige wa miezi miwili, mama yake, marehemu dada yetu Gracieuse, amevaa kitenge cha njano, na padri anakung'uta mkono wa kanzu. Baba akasema, "Huyu atakuwa avocat, wakili wa mahakamani, ameanza kupinga mapema." Siku ile samaki walikuwa wengi hata mbwa walichagua.

Unakumbuka Mama alivyokukabidhi kadi? Kwetu kadi ya ubatizo haikai kwa mzazi, inakaa kwa marraine, mama wa ubatizo, mpaka siku ya ndoa. Wewe ukaitia ndani ya kopo la maziwa ya unga. Tulipokimbia vita mwaka 1996 wenzako walibeba sufuria, wewe ukavuka ziwa na kopo. Nikakuuliza, "Yaya, humo tutapika nini?" Ukanijibu, "Athanase, funga mdomo, utaingiza maji." Tulikucheka mpaka ng'ambo.

Basi, Yaya, sasa ninalihitaji lile kopo. Kaa chini kwanza.

Prodige amekamatwa tangu mwezi wa tatu. Polisi walimkuta kiti cha nyuma cha gari la wizi, pamoja na vijana wawili wakubwa, na chini ya kiti kulikuwa na bastola. Anasema walimpa lifti tu kutoka Warwick, pale sokoni penye taxi. Mimi naamini nusu: gari alijua, bastola hakujua. Nashinda Morningside nikilinda magari ya watu, na mtoto wangu anakamatwa ndani ya gari la mtu. Ingekuwa nyumba ya jirani, ningecheka.

Kesi ilianza katika mahakama ya watoto. Pale hakimu ni mama, anasema polepole, na mtoto anakaa kando ya mkubwa wake. Usiku analala kwenye makao ya watoto, si gerezani. Lakini mwendesha mashtaka alitoa permit ya Prodige, karatasi yake ya ukimbizi: kuzaliwa, Oktoba 1978. Miaka kumi na tisa. Anaomba kesi ihamishiwe kwa watu wazima, na Prodige apelekwe gereza kubwa kungojea huko. Yaya, nimewaona wanaotoka huko. Hawaangalii mtu usoni.

Aliyeandikisha 1978 ni mimi.

Mimi na Prodige tulipofika hapa, wenzetu walituambia mtoto asiye na wazazi anaweza kupelekwa kituo cha watoto, lakini mwenye kumi na nane anapewa karatasi yake na anafanya kazi. Prodige alikuwa mrefu kama baba yake. Nikamwongezea miaka minne kwenye dirisha la ofisi ya wakimbizi, nikaapa, nikatoka nikijiona mjanja. Wakongo wote wa ghorofa yetu walinipongeza. Nusu yao nao umri ulio kwenye karatasi si wao.

Daktari wa mahakama alimfungua mdomo kukagua meno, kama mtu anayenunua punda, akaandika kwamba yuko kati ya kumi na tano na ishirini. Hata mimi, ambaye shule yangu ni magazeti ya watu niliowalindia magari, ningeandika hivyo bure.

Mkalimani wetu ni Mtanzania wa Bukoba, Respicius, Kiswahili chake kimepigwa pasi. Akaninong'oneza koridoni, "Mzee Athanase, hakimu anataka cheti, si hadithi. Na ukisema uliapa uongo, permit yako nayo inaweza kwenda."

"Na nikinyamaza?"

"Ukinyamaza anakwenda mtoto."

Mahakama imetupa mpaka tarehe 22 Juni. Barua hii inaletwa na Japhet, mfanyabiashara wa Warwick, anayefika Kigoma kwa treni. Mkabidhi kadi yenyewe yenye mwaka wa kuzaliwa, si kopi, naye atarudi mapema Juni. Nawe andika kwa mkono wako kwamba ulimshika siku ile, na padri aliloa. Hilo la kuloa usiliache, hakuna anayeweza kulibuni.

Mimi nimekwisha amua. Siku hiyo nitasimama niseme nani alidanganya. Wakinifukuza nchini, nitarajie huko kwako. Nitakaa kimya, nitakula kidogo.

Jumamosi nilikwenda kumwona. Nilijitayarisha kwa lawama, hata majibu nilikuwa nayo. Hakunilaumu. Alinishika shati tu, kama zamani alipoogopa mawimbi, akauliza, "Tonton, mjomba, sasa mimi niko na miaka ngapi?"

Nikamwambia kumi na tano. Akalia, Yaya. Tangu tuondoke Uvira sikuwa nimemwona akilia. Labda kwa miaka niliyompa mimi aliona hairuhusiwi.

Nisalimie shemeji Léonard, Clementina na watoto wake, na mama Cathy wa jirani. Mungu akuzidishie miaka, Yaya, na yote iwe ya kweli.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na kukucheka bila haki,

Athanase