Nilichosema Kuhusu Mkono wa Nelio

Shangani, Mtwara

Dada yangu Telma,

Sisi huku tunaendelea. Mke wangu Ilda amepona malaria, na mikorosho ya Nanyamba imeanza kutoa maua. Nazungukazunguka hivi kwa sababu habari ya mwanao inanitia aibu.

Jumamosi tulikaa makocha watatu kuchagua warushaji mpira wa timu ya besiboli ya mkoa. Mwaka jana mpira wa Nelio ulikuwa haupigiki. Msimu huu mipira yake inakwenda pembeni tu. Kocha Joshua akaniuliza, "Wewe ndiye unayemfundisha. Ana shida gani?"

Nilijua shida yake. Mwezi mzima alikuwa akiniambia kiwiko kinamuuma, nami nikamwambia avumilie, nikampanga kila mechi kwa sababu nilitaka kushinda. Kusema hivyo kungenirudishia lawama. Nikajibu, "Ni uvivu tu." Wakalikata jina lake.

Jioni alikuja kwangu. Nilidhani amekuja kunilaumu, kumbe amekuja kunishukuru. "Najua ulinitetea, mjomba," akasema. Tulipokaa kula, alimega ugali kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa haukunjiki.

Jana nimempeleka hospitali. Daktari amesema asirushe mpira miezi sita, huenda akapona. Nilipotoka hapo nikaenda kumweleza Joshua ukweli, lakini nafasi imeshapata mtu.

Nelio mwenyewe bado sijamwambia. Kila nikitaka kuanza, ananiita mjomba, nami naishia kumuuliza kiwiko kinaendeleaje.

Mdogo wako,
Inasio