Kufuli Lisilovunjwa

Jumatatu, 4 Machi

Maelezo ya kupunguza adhabu: taarifa ya mateso ya utotoni, itolewayo si kufuta kosa bali kulegeza hukumu. Huchukulia — hapa ndipo penye kasoro — kwamba kosa limekwisha thibitishwa.

Leo nimeanza kumtathmini msichana niliyekabidhiwa na mahakama ya watoto, nimwandikie maelezo hayo. Miaka kumi na sita. Duka la simu liliibiwa. Kufuli lilikutwa wazi, zima, halina mkwaruzo. Anakana. Akaniuliza: mama, hivi unalipwa kwa kutuuliza tulilia lini?

Nilicheka. Sikupaswa.

Jumatano, 6 Machi

Amesema. Tangu utotoni baba wa kambo alimfungia stoo, mchana kutwa. Akajifunza kupenyeza mkono kati ya mbao na kufungua kufuli kwa kibanio cha nywele. Anakunywa maji, anarudi, anajifungia tena — asijulikane!

Akanionyesha kwa kufuli la kabati langu. Sijamaliza kukohoa, liko wazi. Hili lako la kitoto, mama.

Kisha akakirudisha kibanio nyweleni haraka. Ameelewa alichofanya. Nami pia. Habari za duka sikumuuliza.

Alhamisi, 7 Machi

Mwendesha mashtaka, kwenye ngazi: kesi inamfia mikononi. Kitoto kile kitafunguaje chuma bila kukivunja? Nikasingizia haraka.

Ijumaa, 8 Machi

Nilimwambia msichana nitanyamaza kabisa, hata stoo sitaitaja. Akaja juu. Stooni sasa yumo mdogo wake — vidole vyake vifupi, hafiki kwenye kufuli!

Nimewapigia ustawi wa jamii. Walishakwenda, wakakuta mlango wazi, mtoto nadhifu. Wanataka shahidi. Shahidi ni huyu huyu.

Akanipa ushauri: taja stoo, mama. Ukifika kwenye kibanio, kohoa.

Jumatatu, 11 Machi

Koridoni, nje ya chumba cha mahakama. Nimeapa. Nimeeleza stoo yote. Baba wa kambo, shati limenyooshwa, akatikisa kichwa kwa masikitiko: kutwa nzima bila maji, angekuwa hai huyu? Hakimu akamnyamazisha — kisha swali lile lile akanigeuzia mimi.

Wakili wa msichana amepinga swali. Hakimu ametoka kutafakari.

Karani anatuita. Nusu ya ukweli ikimtoa mtoto mmoja ndani, na nusu ya pili ikimwingiza dada yake — je, kiapo kinanidai zote mbili?