Kwa Nini Baba Haji Kwenye Simu

Kwa Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka kwa kijana mwenye mikono bora kuliko yote katika nyumba hii, mtaa huu na, nikiweka unyenyekevu pembeni, mitaa mitatu inayofuata. Kama kuna fundi aliye hai anayeweza kufunga bawaba ya mlango amefumba macho huku anatafuna karanga, mlete tushindane, na karanga nitaleta mimi. Natumaini u mzima huko hospitali, na kwamba wagonjwa wako wanapona upesi kabla hawajachoshwa na amri zako. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima, goti lake linanung'unika kama kawaida. Mimi ni mzima kupita kiasi. Kwa Baba nitafika, usinikimbize.

Naandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Tena simu yenyewe ni ya Mama, inakaa juu ya kabati la sebuleni, na kutoka pale hadi kiti cha Baba ni hatua mbili. Wiki tatu mfululizo umeuliza kwa nini Baba haji kuongea nawe, na wiki zote tatu Mama amekujibu kwamba yuko bafuni. Dada, wewe ni muuguzi. Hakuna mtu anayeoga kiasi hicho akabaki na ngozi.

Unakumbuka siku unaondoka, uliponivuta nyuma ya nyumba, pale kwenye kamba ya nguo, shuka lililolowa likinipiga usoni muda wote unaongea. Ulisema mikono ya Baba imeanza kutetemeka na kwamba hali hiyo haitarudi nyuma. Ulisema mtu aliyetengeneza mitambo ya kiwanda miaka thelathini na moja hastahili kuambiwa na yeyote kwamba skrubu yake imekaa upande. Nimwache atengeneze kila kinachoharibika humu ndani, kisha nipite nyuma yake nikirudie, na nifunge mdomo. Siku atakapoweka spana chini, ulisema, ataweka na mengine mengi. Nikakuapia. Nikakuambia kwangu hilo ni kama kunywa maji. Ukasema kutengeneza hakukutii wasiwasi, kinachokutia wasiwasi ni mdomo wa Redio. Nikanuna, maana jina hilo ulinipa wewe na mtaa mzima ukalidaka.

Basi kazi niliifanya, na niliifanya vizuri kuliko ulivyostahili. Nyumba hii ingekuwa mtu ungeshailaza wodini. Chukua komeo la bafu. Baba alilifunga asubuhi nzima, na alipomaliza, komeo na tundu lake vilipishana kwa upana wa kidole, kama majirani waliogombana. Wiki nzima tulioga kwa kutoa taarifa: Mama anaimba, mimi napiga mluzi, Baba anakohoa. Siku ya nane, alipolala baada ya chakula cha mchana, nikaingia kazini. Mama akashika ufagio akafagia ukumbi aliokwisha kuufagia, kazi yake ikiwa kusikiliza mkoromo. Ukikatika, agonge ukuta. Nikaziba matundu ya zamani kwa vijiti vya kiberiti, nikatoboa mapya, nikarudisha bisibisi kwenye sanduku imelala vilevile alivyoilaza. Baba alipoamka aliingia bafuni, akafunga, akafungua, akafunga, akafungua. Akatoka akamwambia Mama kwamba mkono wake bado haujasahau. Mama akaitikia kwamba haujasahau hata kidogo. Mimi nikaangalia dari. Sijui kama unaelewa, mtu kama mimi kuangalia dari.

Ikafuata pasi iliyokuwa inazima umeme wa nyumba nzima kila Mama akigusa kola ya shati. Ukafuata mguu wa meza, ule tuliokuwa tunauwekea boksi la dawa ya meno chini yake. Likafuata bomba la jikoni, ambalo nimelirudia mara nne peke yake. Na kila mara kabla ya kurudia, ilinibidi nisimame naye anapotengeneza, nimshikie tochi. Mkono wake ukianza kucheza juu ya skrubu, nami nilikuwa naitikisa tochi kidogo, ili ionekane kinachotetemeka ni mwanga. Akawa ananigombeza. Akasema mtoto aliyeacha shule kidato cha pili aliacha na akili ndani ya lile dawati, hata tochi haiwezi. Miezi saba, Dada. Miezi saba natukanwa kwa kosa nililomtengenezea mwenyewe, na shahidi pekee ni Mama na ufagio wake.

Nilikuwa na hasira, sikufichi. Wewe ulitoa amri ukapanda basi. Ukipiga simu unamsifu Baba kwa komeo, kwa pasi, kwa bomba, naye anacheka hadi anapaliwa. Kwangu unauliza kama nimeanika godoro.

Sasa, Jumapili moja, kama wiki tatu zilizopita, wakaja wenzake wawili wa kiwandani, yule wanayemwita Mrefu na yule mzee aliyekuwa mtunza stoo. Baba alivaa shati jeupe. Chai ilipokwisha, akawachukua kuwaonyesha nyumba. Wazee wazima wakapanga foleni mlangoni pa bafu, kila mmoja anafunga komeo na kulifungua kama wanakagua benki. Mtunza stoo akauliza kama kijana amerithi chochote. Baba akasema mimi ukinipa bisibisi nitakorogea chai. Wakacheka. Hilo ningelimeza, nimekwisha kumeza makubwa. Lakini Mama naye alicheka. Mama huyohuyo wa ufagio.

Kilichofuata Mama anataka nikuandikie hivi: kwamba tangu siku ile Baba amechoka. Hajachoka. Asubuhi iliyofuata nilikuta sanduku la vifaa mlangoni pa chumba changu, bisibisi zimepangwa kuanzia ndogo hadi kubwa, kila moja imepanguswa mafuta. Tangu hapo hagusi kitu. Chai anataka nusu kikombe, na anasubiri tutoke ndiyo anywe. Vifungo vya shati alivyokuwa akipigana navyo mwenyewe kila asubuhi, mlango umefungwa, ole wake atakayebisha, sasa anasimama tu mbele ya Mama, ameinua kidevu, anafungwa. Juzi swichi ya sebuleni ililegea. Akaniomba, kwa adabu, kama mtu anavyomwomba mgeni, kwamba nikipata nafasi niiangalie, fundi. Ndivyo anavyoniita, fundi. Maisha yangu yote nimetaka aniite hivyo, na sasa akiniita natamani kutoka nje.

Jana nikafanya jambo la kijinga. Nikafungua bomba la jikoni, nikakitoa kile kimpira cha ndani, nikalirudisha livuje kama zamani. Kisha nikaliburuta sanduku hadi ukumbini, nikaliacha pale atakapopita, nikaenda kukaa kibarazani. Nikamsikia anatoka chumbani. Nikamsikia anasimama. Nikangoja nisikie kifuniko cha sanduku. Nilichosikia ni beseni la bati likiwekwa chini ya bomba. Tangu jana limejaa mara mbili, na mara zote mbili amelimwaga mwenyewe. Nusu ya maji inabaki sakafuni, na Mama anapangusa.

Kwa hiyo nikuambie nilichofanya Jumapili ile, maana Mama hatakuambia. Kicheko chao kilipoisha nikasimama. Nikawaambia wageni warudi bafuni waangalie pembeni mwa komeo, wataona vijiti vya kiberiti. Nikawaonyesha pasi. Nikapindua meza, vikombe vikiwa juu yake. Nikasema hakuna kitu kinachofanya kazi humu ndani ambacho sikukirudia akiwa anakoroma. Hata la tochi nikalisema, nikasimama katikati ya sebule nikaonyesha jinsi nilivyokuwa naitikisa. Mrefu akaniambia inatosha, kijana. Haikunitosha. Baba alikuwa ameficha mikono kwapani, kama mtu anayesikia baridi, na hata hapo hakuwa amevunjika, Dada, nilimwona. Alikuwa anatafuta namna ya kunigeuza kichekesho. Alikuwa karibu kuipata. Midomo yake ilishaanza.

Ndipo nikasema wewe ndiye uliyenituma. Nikasema Dada alijua tangu mwanzo, na kila akipiga simu kumsifia Baba komeo, alikuwa anajua nani kalifunga.

Akaniuliza jambo moja tu, kama ni kweli hata wewe. Nikajibu ndiyo, na nilijibu kwa majivuno. Hakuniangalia. Aliangalia simu iliyokuwa juu ya kabati, akaiangalia muda mrefu, hadi wageni wakaanza kutafuta viatu vyao. Kwa hiyo unapopiga, hayuko bafuni. Yuko kwenye kiti chake, hatua mbili, anakusikia unavyomuulizia.

Mama anakusalimu na anasema uvae soksi, wodi za wagonjwa zina baridi. Jirani wa mlango wa pili, yule fundi cherehani, anakusalimu na kusema gauni lako limekwisha. Mimi nakusalimu. Salamu za Baba sina, sikupewa.

Mdogo wako,
Redio