Nondo wa Msitu wa Mama

Kijiji cha Ihanda,
Mbozi, Songwe.
8 Machi 2025

Mpendwa Kaka Fanueli,

Pokea salamu zangu, na uzisome ukiwa umekaa, maana nina mengi. Hujambo wewe, na wifi Imelda, na watoto? Kile kifua kilichokusumbua Krismasi kimepona, au bado unatuficha? Sisi huku tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamebeba, na mwanangu Samwel amerefuka hadi suruali zimemkimbia.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Simu yangu siiamini siku hizi. Loisi, mke wa mdogo wetu Boazi, huiazima kila akipita hapa, na nikizungumza na wewe asubuhi, mchana Boazi ameshajua. Ndiyo maana barua hii anaileta Violet wa mjomba, anayevuka mpaka wa Tunduma na mchele wake hadi huko kwenu Kitwe. Bahasha nimeipaka gundi mara mbili. Ukikuta imeguswa, niambie.

Habari yenyewe ni ya msitu wa Mama, ule aliotugawia kila mtu upande wake. Boazi anataka miombo yote ikatwe, hata ile ya upande wako wa juu, penye chemchemi tunayochota. Anasema msitu unazaa viwavijeshi wanaokula mahindi ya kijiji kizima. Amewatangazia watu hata mlangoni pa kanisa. Mimi nikamuuliza moyoni: tangu lini Boazi akayahurumia mahindi ya jirani? Halafu nikasikia kuna mtu wa mkaa kutoka Nanyala alikuja kuitazama miti hiyo, akala na chakula kwa Boazi. Nikajua kikulacho ki nguoni mwako.

Ni kweli wadudu wapo. Mvua zilipoanza, magome ya miombo yalijaa nondo wadogo, hawafiki ukucha wa kidole gumba. Mmoja wa kijivu, mwingine rangi ya kutu, mwingine ana mkanda mweupe mgongoni. Boazi aliwaonyesha watu, kisha akanigeukia akisema, "Dada, angalia mwenyewe! Kila rangi na mdudu wake. Huu si msitu, ni ghala la wadudu." Na yule wa kijivu, Kaka, nisikufiche, anafanana na nondo wa viwavijeshi. Hata mimi niliingiwa na baridi.

Nikaenda kwa bibi shamba wetu, Fausta. Nilidhani naye ameshanunuliwa, lakini alinijibu vizuri. "Mama Samwel, sitaki kukudanganya. Wa mahindi nawajua, hawa wa porini siwajui. Chukua mayai yao ufuge, uwape majani ya mwombo na ya mahindi, uone wanakula yapi."

Basi nikafuga. Nilichuma jani moja lenye kifungu cha mayai madogo meupe, nikalitia kwenye ndoo, juu nikafunga kipande cha chandarua. Wakatoka viwavi wembamba kama uzi, kijani kibichi, wanatembea kwa kujikunja na kujinyoosha. Majani ya mahindi waliyapita tu, wakayaacha yakakauka. Ya mwombo waliyala mpaka mishipa. Walipokua wakageuka kahawia, ukiwatazama utasema ni vijiti. Kisha wakajiviringisha ndani ya majani makavu, wakajifunga kwa nyuzi zao, wakanyamaza.

Loisi alikuja kuomba chumvi, akachungulia ndooni. Akauliza, "Wifi, hawa nao wanalika?" Alifikiri nafuga wa kuuza Tunduma, kama vinkubala, wale viwavi wanaoliwa na Wabemba. Nilimpa chumvi, lakini jicho langu halikumwacha.

Walipotoka, Kaka, nilitaka kupiga kelele. Ndani ya ndoo moja, mayai ya jani moja, wametoka wa kijivu, wa kutu na wa mkanda mweupe! Nikasema huyu Loisi amenibadilishia, ametumwa. Sikumsemesha hata ibadani. Nikamchukua jike mmoja wa kijivu aliyekwisha kupandwa, nikamfungia chumbani kwangu na ufunguo nikautia kifuani. Akataga, wakakua, wakalala, wakatoka. Rangi ni zilezile tatu. Loisi wa watu hakuwa na kosa, angalau hilo. La simu bado namwekea.

Ndipo nikajifunza kuwatambua. Nondo huyu akitua hufunika mabawa ya chini kwa yale ya juu, nawe unaona gome tu. Ya juu ndiyo yanayodanganya, kila mmoja na lake. Inua taratibu kwa mwiba: chini wote ni wa manjano, na doa jeusi moja kila upande. Fausta amekuja, ameona kwa macho yake, na amekubali kusema mbele ya ukoo kwamba hawa wote ni mdudu wa aina moja, wa miombo, na mahindi hayagusi. Jina lake bado anatuulizia kwa wataalamu.

Nilipomwonyesha Boazi hakubisha. Alicheka, na kicheko chake ndicho kilichoninyima usingizi. Akasema, "Nondo wako ni wazuri, dada. Lakini Kaka ameshakubali upande wake ukatwe, amenitamkia kwenye simu." Unajua agizo la Mama: mti haukatwi mpaka mwenye upande wake atamke kwa kinywa chake. Ukoo unakaa siku ya Pasaka. Chemchemi ikikauka, sisi wa huku ndio tutakaobeba ndoo mpaka mtoni, si wewe wala mtu wa Nanyala.

Mimi nimemwambia ni mwongo. Nimesema kwa sauti kubwa, watu wakasikia. Lakini nikibaki peke yangu nakumbuka kwamba tangu Januari hujaniuliza habari za msitu hata mara moja.

Nisalimie wifi Imelda na watoto, Clever na Lusajo; Lusajo mwambie shangazi yake anamwekea karanga. Bwana awafunike kwa mkono wake ugenini, akulinde na kile kifua.

Humu ndani nimekuwekea nondo watatu wakavu, ndugu wa tumbo moja kama sisi. Boazi nimeshamwinua mabawa. Wewe bado, Kaka. Njoo Pasaka utamke mwenyewe nikikutazama.

Ni mimi dada yako akupendaye, na anayeogopa jibu lako,

Enesi