Nilimnunulia Mume Gari, Sasa Ananifungulia Mlango wa Nyuma

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumamosi haijafika, na tafadhali usinicheke, maana hata mimi nikiandika haya kicheko kinanitoka huku machozi yako karibu. Mimi ni fundi wa kushona mapazia, mume wangu ni dereva mstaafu, na miaka kumi na moja ya mwisho kazini alimwendesha mkurugenzi mmoja katika gari refu jeusi la kifahari, viti vya ngozi, milango inayofunga kimya kama inaomba radhi, na miaka yote hiyo mimi nililiona kwa nje tu, kwa sababu gari la bosi halimbebi mke wa dereva.

Basi mwezi uliopita mlinzi wa pale ofisini kwao akaninong'oneza kwamba mkurugenzi kanunua jipya na lile la zamani linauzwa, nikasema hili halinipiti, nikakusanya akiba yangu yote ya mapazia bila kumwambia mtu, nikaenda na fundi wa magari kulikagua, akafungua boneti, akaingia uvunguni, akasikiliza injini kafumba macho, kisha akainuka akijifuta mikono na kuniambia, "Mama, gari lina umri, lakini aliyekuwa analiendesha ni mtu mwenye adabu zake," nikavimba kichwa pale pale, nusura nimwambie huyo mwenye adabu ndiye anayeninyang'anya shuka kila usiku.

Nilipomkabidhi ufunguo, mume wangu alilizunguka gari mara tatu, akapapasa mkwaruzo kwenye bampa ya nyuma ambao ni yeye tu anaujua, akalia, mtu mzima, na mimi nikalia, furaha ile sijapata kuiona tangu tuzae. Kumbe ndiyo nimeyaanza. Kesho yake namkuta uani kavaa shati jeupe na tai, gari linang'aa, ananifungulia mlango wa nyuma! Nikadhani utani, nikaingia nikicheka, lakini mwenzangu hatanii, ndani ya gari lile haongei mpaka nimsemeshe, yeye ambaye jikoni hanyamazi hata nikimwomba, na sokoni ananishusha halafu anaegesha kivulini kunisubiri, na siku nilipojitia kukaa mbele aliendesha shingo imekakamaa mpaka nikamhurumia, nikamuuliza, "Baba watoto, mbona hivyo?" akajibu, "Mke wangu, najaribu, lakini mwili unakataa. Gari hili nalijua hivi hivi tu."

Na kosa langu niliseme: nimeanza kunogewa. Jirani yangu nimempungia mkono dirishani kama malkia, na wiki iliyopita nikamgusa mume wangu begani nikasema, "Dereva, kata kulia," nikitegemea atacheka, naye akaitikia, "Sawa, mama," akakata kulia kweli, na kulia hakukuwa na njia, kulikuwa na geti la mtu. Niliona aibu mpaka nyumbani.

Sasa Jumamosi tunatimiza miaka thelathini na moja ya ndoa, kaahidi kunipeleka hotelini tukale, na juzi nimemsikia akijisemea kwamba ataegesha pale anapoona mlango, ili nikimaliza kula nisisubiri. Nikimaliza, mshauri! Yeye anapanga kubaki garini siku ya ndoa yetu! Je, niliuze gari nirudishiwe mume? Nampenda sana, lakini Mungu anisamehe, na gari nalipenda.

Mimi,
Mama wa Kiti cha Nyuma

MSHAURI ANAJIBU

Mama wa Kiti cha Nyuma, uliniomba nisikucheke, nimeshindwa. Pole, hongera, na sasa nyamaza nikugombeze.

Wewe ulimnunulia mumeo zawadi, au ulimrudisha kazini bila mshahara? Mtu kastaafu, kapumzika, unamletea ofisi yake yote uani, na usukani wake, na mkwaruzo wake, halafu unashangaa kavaa tai. Mazoea yana taabu, dada yangu. Na wewe unayepunga mkono dirishani, usijifanye huna mkono katika hili. Hiyo "kata kulia" yako umwombe radhi leo, kabla hujapakua chakula.

Gari usiuze, utanikosea mimi binafsi. Hebu jiulize jambo moja: miaka kumi na moja mumeo kaufungua mlango wa nyuma asubuhi na jioni. Amewahi kukaa kule lini? Hajui hata dirisha la nyuma linaonyesha nini. Umemnunulia gari zima, yeye bado anatumia kiti kimoja.

Jumamosi mtafute yule fundi aliyelikagua, mwombe awaendeshe. Mumeo atalalamika njia nzima: breki anakanyaga vibaya, kona anaiwahi, huyu nani kampa leseni. Mwache aseme! Si ulitaka aongee? Hotelini fundi abaki na gari, mumeo hatakuwa na kisingizio. Mkishakula, fundi mpeni asante yake aende, mumeo arudi kwenye usukani na wewe ukae mbele. Shingo ikikakamaa, mchokoze kama mnavyochokozana jikoni. Na wiki ijayo uanze kujifunza kuendesha, ili naye apate wa kumsahihisha.

Tai ifiche. Akiipata, wewe ni fundi, mkasi unao.

Ila hili la mwisho ulifanye mwenyewe, usimwachie fundi. Jumamosi mkitoka nyumbani, mfungulie mumeo mlango wa nyuma, mwambie, "Karibu, bosi." Atakataa, atacheka, ataingia. Akishakaa, usiufunge mlango, na usizunguke upande wa pili. Mwambie asogee.